Kijani Kwanza

Mkebe mdogo, hauzidi kifungo cha koti,
nimeununua dukani, chini ya stesheni ya Taehwagang,
won elfu tisa na mia tano,
na muuzaji hakunitazama shavu, alinitazama mkoba.
Adabu hiyo naijua. Inauma kuliko kutumbuliwa macho.

Nyumbani naufungua: kijani!
Kijani cha ukuta wa zahanati,
kijani cha uso wa mtu anayetaka kutapika.
Nimeibiwa, nasema.
Baba, gazeti mkononi, hainui hata kichwa:
"Hujaibiwa. Hiyo ndiyo yenyewe."

Miaka thelathini na moja Pyo Man-seop
alipaka magari rangi kiwandani, zamu ya usiku,
pua ndani ya barakoa, macho kwenye bati,
magari yaliyokwenda nchi asizoweza kuzitamka.
Na leo saa moja asubuhi ananiburutia kiti dirishani.
"Taa ni mwongo," asema. "Rangi huulizwa juani.

Nyekundu na kijani ni mahasimu, Ran-hui.
Wakutanishe kidogo tu, watazimana.
Ukizidisha, mmoja atashinda
nawe utatoka hapa mzuka."
Kidole chake cha pete, chenye nyufa za spiriti,
kinagusa, kinaondoka, kinagusa.
"Usisugue. Anayesugua huamsha kilicholala."
Sijawahi kuguswa baka hili na mtu
ambaye si daktari.

Limeanzia chini ya jicho, likateremka hadi taya,
jekundu kama maji ya komamanga yaliyomwagika
na hakuna aliyewahi kuyafuta.
Shuleni waliniita Ramani.
Yuko aliyeniuliza, kwa upole kabisa, kama linaambukiza.
Bibi alisema mama alitazama moto akiwa na mimba yangu;
mama akamwambia bibi azime mdomo.

Tabaka la pili, rangi ya ngozi, jembamba
"kama pumzi juu ya kioo."
Kisha poda. Ikaingia kwenye kola, akaipuliza.
Akarudi nyuma hatua tatu,
akainamisha kichwa upande, kama anayekagua mlango wa gari,
akanyamaza.

Nikachukua kioo. Shavu lilikuwa shavu.
Nikaligeuza huku, nikaligeuza kule,
nikimtafuta mtu.
"Haya, sema basi."
"Kazi safi," akasema, akijipangusa vidole.
Halafu, sinkini, mgongo ukinielekea:
"Ulipopotea sokoni ulikuwa na miaka minne.
Polisi akaniuliza umevaa nini. Nguo sikuikumbuka.
Nikamwambia tu: shavu la kushoto, jani jekundu.
Dakika kumi, wakakuleta."

Picha ni saa nne. Ya kuombea kazi:
pazia jeupe nyuma, tabasamu nusu.
Kampuni inasema haitazami sura.
Inataka picha.

Mkebe wa pili, wa rangi ya chungwa, nilipewa bure.
"Na huu wa nini?" nikauliza, ingawa nilishajua.
"Bluu," akasema. "Ule weusi wa chini ya macho."
Nikamtazama.
Tangu Machi, tangu kitanda chake kilipopanuka,
macho ya baba yamekaa ndani ya vikombe viwili vya wino.
"Kaa," nikamwambia.
Akakaa. Akafumba.
Nikagusa, nikaondoka, nikagusa.
Kope zilitetemeka chini ya kidole changu
na rangi ilikataa kukauka,
maana pale palikuwa na unyevu
ambao hakuna kati yetu aliyeutaja.

Basi la saa tatu na nusu likatuacha.
Mpiga picha alitufungulia mlango, akatutazama wote wawili,
tumenyooka, tumekauka, tunang'aa kidogo,
akauliza:
ni nani kati yenu anayetafuta kazi?